Sabuni ya Katibu

Jumatano moja ya mwaka 1983, mbwa wa Theoneste alioga kabla ya watu wa nyumba ile kuoga, tena kwa maji mengi kuliko yao wote. Aliogeshwa uani, ndani ya karai la kukandia udongo, na bwana mifugo mwenyewe akiwa amesimama pembeni, suruali ameikunja mpaka magotini kama mtu anayebatiza. Majirani waliokuwa wakienda kisimani walisimama kutazama. Mmoja akauliza kama mbwa anaumwa. Theoneste akajibu kwamba ni mzima kabisa. Majirani wakatazamana, wakaendelea na safari, na kabla hawajateka maji kisima kizima kilikuwa na habari kwamba kibarua wa Mzee Kahigi anampa dawa mbwa asiyeumwa.

Mbwa huyo aliitwa Katibu, kwa kuwa tangu alipokuwa mdogo alikula bila kulima na alipenda kukaa kwenye baraza za watu wengine. Katibu wa tawi la chama alipokuwa akipita, walimpigia mbwa mluzi badala ya kumwita kwa jina.

Lakini hakuwa mbwa wa pambo. Theoneste, mkewe Anonciata, mama yake mzee Kantengwa na watoto wawili waliishi katika ardhi ya Mzee Gaudiosus Kahigi, kule chini kabisa mwa kijiji cha Mabira, migomba inapokwisha na pori linapoanza. Walipewa mahali pa kujenga na kulima maharage yao kwa sharti moja: walinde mahindi ya mzee yasiliwe na nyani. Mchana kutwa Theoneste alikuwa malishoni na ng'ombe wa tajiri mmoja, Sebahire, hivyo Anonciata ndiye aliyebaki shambani, na nyani wa Mabira hawamwogopi mwanamke. Wanamtambua kwa mbali, wanajikalia chini, wanaendelea kumenya. Waliyemheshimu ni mbwa. Msimu uliopita mbwa wao wa kwanza alikufa kwa kupe wiki tatu kabla ya mavuno, masikio yake yamejaa kama yamepandwa mbegu za mbarika, na nyani wakala nusu ya shamba. Mzee Kahigi hakupiga kelele. Alisema tu kwamba atawapa msimu mmoja wa mwisho. Nyani wakishiba tena, wafunge mizigo.

Ndiyo maana Theoneste alikwenda joshoni kumwona Yustus, bwana mifugo, kijana kutoka Bukoba mjini aliyepangiwa Mabira na ambaye bado alitembea kama mtu anayeogopa kukanyaga kitu. Yustus alimweleza kwamba asisubiri kuwaona kupe, maana akiwaona watakuwa wamekwisha kumwachia mbwa homa. Kizibo kimoja cha dawa kwa ndoo moja ya maji, kila baada ya wiki mbili, kupe waonekane wasionekane. Kwa maelezo hayo na chupa ndogo ya dawa alipokea kuku mmoja, tetea aliyekuwa akitaga.

Kuku huyo ndiye aliyemchoma moyo Kantengwa. Alikaa juu ya kigoda chake, fimbo mapajani, akatazama mbwa akimwagiwa maji mpaka mwisho.

"Mimi niliumwa homa mwezi wa tatu," alisema, "nikapewa majani machungu ya mubirizi nitafune. Mbwa haumwi, kapewa kuku."

"Mbwa hakupewa kuku, mama," Theoneste akasema. "Kuku kapewa bwana mifugo."

"Basi bwana mifugo ndiye mgonjwa."

Yustus alijifanya hakusikia. Alimfunga mbwa mdomo kwa kamba laini ya mgomba, akaagiza asifunguliwe mpaka manyoya yakauke, asije akajilamba. Alirudia agizo hilo mara tatu. Kuhusu samli hakusema neno. Kwao mjini mbwa hapakwi samli, na hakuwaza kwamba duniani yuko mtu anayeweza kufikiria jambo hilo.

*

Adhuhuri mbwa alikuwa amekauka. Kantengwa akamfungua mdomo kama alivyoagizwa, akamtazama. Manyoya yalikuwa yamesimama kama ufagio, na alinuka josho. Mzee huyu alikulia upande wa pili wa mto Kagera, nyumbani kwa watu wa ng'ombe, na huko kitu kikishaoga hakiachwi hivi hivi. Mtoto akioga anapakwa. Bibi harusi akioga anapakwa. Hata ngozi ya kulalia ikisafishwa inapakwa. Kumwosha kiumbe na kumwacha mkavu ilikuwa kama kumwalika mtu chakula ukamwonyesha chungu tu.

Tena moyo ulimsuta. Tangu asubuhi alikuwa amemsema mbwa vibaya, na mbwa hakumjibu. Akaingia ndani, akarudi na kibuyu chake kidogo cha samli ya siku nyingi, iliyotiwa majani ya kunukia. Theoneste humletea kidogo kidogo kutoka kwa Sebahire, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kuigusa. Alijipaka Jumapili peke yake. Siku hiyo alimpaka Katibu kuanzia masikio mpaka mkia, polepole, huku akimweleza kwamba asiposimama imara dhidi ya wale nyani, nyumba nzima italala njiani. Mbwa aling'aa. Halafu akalala kivulini akaanza kujilamba, na hakuacha mpaka jua lilipotua, kwa sababu maishani mwake hakuwahi kuwa mtamu kiasi hicho.

Alhamisi asubuhi Anonciata alimkuta uani akitetemeka. Ute ulikuwa unamtiririka mdomoni kama kamba, na miguu ya nyuma ilikuwa inakwenda upande wake. Theoneste alikwisha kutoka na ng'ombe. Anonciata akakimbia joshoni, akarudi na Yustus juu ya baiskeli, yeye akiwa amekaa kwenye keria, macho ameyafumba kwenye miteremko yote.

Yustus alipiga magoti, akamshika mbwa kichwa, akanusa.

"Huyu ananukia nini?"

Anonciata akamtazama mama mkwe wake. Mwishowe Kantengwa akasema, "Ananukia mbwa aliyetunzwa."

Yustus alipoelewa alikaa chini kabisa, pale pale kwenye vumbi. Dawa iliyobaki kwenye manyoya, alisema, imeyeyuka ndani ya samli, na samli inaipitisha kwenye ngozi. Nyingine mbwa ameilamba jioni nzima. Alikuwa na sindano moja mfukoni, akampiga. Lakini sindano ilikuwa ya kupambana na dawa iliyokwisha kuingia. Iliyokuwa nje bado inaingia. Ni lazima samli yote itoke, na maji matupu hayaitoi. Inatakiwa sabuni.

Neno hilo lilitua uani kama jina la marehemu.

Mwaka ule maduka ya Mabira yaliuza rafu zake tupu na salamu. Watu walifua kwa majani ya mpapai. Padri alipanda altareni na kola yenye rangi ya chai, na hakuna aliyemlaumu. Yustus mwenyewe alikiri kwamba huoga kwa maji na matumaini. Ila kila mtu alijua kwamba mche mmoja mzima wa sabuni uko kwa Eustadia, yule wanayemwita Mama Rwezaura, kwa kuwa mwanawe huvuka mpaka pale Murongo na kurudi, na haji mikono mitupu. Na Eustadia alikuwa mke wa Mzee Kahigi. Akisikia kwamba mbwa anakufa, mumewe atasikia kabla ya chakula cha mchana, na hatasubiri nyani waje. Familia mbili nyingine zilikwisha kuomba mahali pale.

"Nenda," Kantengwa akamwambia mke wa mwanawe. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Mimi ndiye nimepaka. Ningekwenda mwenyewe, lakini nikifika huko mbwa atakuwa ameshaoza."

*

Eustadia alikuwa akimenya ndizi mbele ya jiko lake. Anonciata akapiga goti, akamwamkia kwa "waitu", neno la heshima la kule, akaitikiwa. Akaulizwa habari za nyumbani, akasema ni nzuri, na hapo hapo akaanza kulia. Hakuwa amepanga. Alikuwa amekuja na maneno mengine kabisa, kitu kuhusu nguo za watoto na Jumapili, lakini njiani alimkumbuka mbwa jinsi alivyojaribu kutikisa mkia alipomwona, mkia ukakataa.

"Nini, mwanangu?"

"Naomba sabuni, waitu. Kipande tu."

Eustadia aliweka kisu chini. Mwanamke anayelia huku akiomba sabuni, katika nchi ile na mwaka ule, alikuwa na jambo moja tu nyumbani. Wafu hawaoshwi kwa majani ya mpapai.

"Ni mama mkwe wako?" akauliza taratibu.

Hapo ndipo Anonciata angesema kweli. Alifungua mdomo. Akaiona mizigo yao imefungwa, watoto wamekaa juu yake kando ya barabara, na Mzee Kahigi akiwatakia safari njema bila kupandisha sauti. Akafunga mdomo, akainamisha kichwa.

Eustadia hakuhitaji jibu jingine. Aliingia ndani akakaa kitambo, akisukuma sanduku, akarudi na mche mzima, wa rangi ya bluu, haujaguswa, umefungwa kwenye kitambaa.

"Nilikuwa nimeiweka kwa ajili ya siku yangu," alisema. "Lakini mimi bado napumua. Chukua yote. Yule mama alikuwa na adabu kuliko watu wengi wa hapa."

Anonciata alijaribu kusema kipande kinatosha. Eustadia akamfunga vidole juu ya sabuni, akamwambia akimbie, maiti haisubiri jua likawa kali, na yeye atawapa watu taarifa. Anonciata alifika kwenye migomba ndipo neno hilo la mwisho lilipomwingia masikioni. Akasimama. Kisha akamkumbuka mbwa, akaendelea kukimbia.

*

Walimwosha Katibu mara tatu. Yustus alisugua, Anonciata alimwaga maji, Kantengwa alishika kichwa na kuomba radhi kwa lugha ya kwao. Povu lilikuwa jeupe na zito, likajaa karai likamwagikia uani, na wale watoto wawili wakachota kwa viganja wakawa wananusa vidole vyao. Kufikia mwosho wa tatu nusu ya mche ilikuwa imekwisha. Mbwa bado alitetemeka, lakini ute ulikuwa umepungua na macho yalianza kufuata watu.

Ndipo kilio cha kwanza kikasikika kutoka njia ya juu. Kilikuwa kilio kirefu, cha mwanamke anayekijua kilio. Cha pili kikamjibu.

"Nani kafa?" Kantengwa akauliza.

Anonciata akaacha ndoo ianguke. Alieleza kila kitu kwa pumzi moja, akitazama miguu yake. Yustus akasogea nyuma, kama mtu anayetafuta baiskeli yake bila kutaka ionekane anaitafuta. Kantengwa alisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekufa saa ngapi?"

"Asubuhi, mama."

"Kwa ugonjwa gani?"

"Hakuuliza."

Mzee alionekana kuudhika kidogo kwamba hakuna aliyeuliza. Vilio vilikuwa vinakaribia, na kati ya migomba zilianza kuonekana kuni, mikungu ya ndizi, na vichwa vilivyovibeba. Akajiinua kwa fimbo yake. Alisema hawezi kumwumbua mke wa mwanawe mbele ya watu waliokuja na kuni vichwani, na kwamba Mungu akitaka kumwuliza kuhusu jambo hili atamweleza habari za nyani. Akaingia chumbani, akalala, akajifunika shuka mpaka kidevuni. Yustus na mbwa, ambaye bado hajasuuzwa, wakaingizwa jikoni na ndoo ya maji, mlango ukafungwa. Anonciata akasimama kwenye mlango wa nyumba, nguo zake zote zimelowa povu, akawaambia waliofika kwamba wasiingie kwanza, bado wanaosha.

Hilo halikuwa uongo, na ndilo jambo pekee siku hiyo alilolisema akiwa anamtazama mtu usoni.

Kufikia saa tano uani palikuwa na watu zaidi ya arobaini. Katekista alianzisha rozari. Wanawake waliwasha moto, wanaume wakaleta majembe mawili na sururu. Kutoka chumbani Kantengwa alisikia anasifiwa. Mwanamke mmoja ambaye hawajasalimiana naye tangu Pasaka alisema hakuna mtu atakayeziba pengo lile. Mwingine akasema alikuwa mkarimu. Kantengwa alijitahidi kukumbuka lini, akashindwa, lakini alipendezwa.

Jambo ambalo hakuna aliyelifikiria ni Theoneste. Mtu alikwenda kumwambia malishoni. Alikuja mbio akiwa peku, ng'ombe wa watu amewaacha huko huko, anapiga kelele akimwita mama yake. Watu walimpisha. Aliingia chumbani, na waombolezaji wakasikia kilio chake kinakatika ghafla. Walitikisa vichwa, wakasema huyo amezimia kwa uchungu. Theoneste alikuwa amesimama katikati ya chumba, machozi yamejaa mashavuni, anamtazama mama yake aliyekaa kitandani akila kiazi kilichopoa.

"Funga mlango," mama alimwambia. "Na usiache kulia. Watasema hukunipenda."

*

Mzee Gaudiosus Kahigi alifika akiwa amevaa koti lake la Jumapili, pamoja na mdogo wake Ndyamukama. Aliwapa pole watu wa uani kwa sauti nzuri, akasimama kimya kwa muda unaostahili, kisha akamshika mdogo wake kiwiko wakazunguka nyuma ya nyumba, mahali ambapo mtu anaweza kuzungumza. Walisimama chini ya dirisha dogo la mbao. Nyuma ya dirisha hilo alikuwa marehemu.

"Akizikwa hapa nimekwisha," Mzee Kahigi alisema kwa sauti ya chini. "Leo kaburi la mama. Mwakani wanapanda mgomba pembeni yake. Mwaka wa tatu tuko mbele ya baraza la kijiji, na baraza litauliza swali moja tu: mama yake kalala wapi?"

Hakuwa anazua. Kule watu huzikwa kwenye vibanja vyao, kati ya migomba ya nyumbani, na aliyemzika mzazi mahali haondolewi tena kwa maneno. Kibarua anaweza kuondoka na chungu chake na watoto wake. Kaburi litabaki, na kila mwaka atakuwa na sababu ya kurudi.

Ndyamukama akashauri apelekwe makaburi ya misheni. Waseme ndivyo padri anavyopenda siku hizi. Mzee akauliza kijana atakubali vipi. Ndyamukama akasema mpe mbuzi. Mzee akafikiri, akasema mbuzi kwa mama mzazi ni tusi. Basi wawili. Mzee akapiga hesabu kichwani, shamba upande mmoja na mbuzi upande mwingine, akaanza kukubali, akataja na debe la rubisi, pombe ya ndizi.

Dirisha likafunguka.

"Kahigi," alisema Kantengwa, "hujanisalimia."

"Shikamoo," akajibu Mzee Kahigi, kwa kuwa mdomo wake ulilelewa vizuri kuliko sehemu nyingine za mwili wake, ambazo wakati huo zilikuwa zinatafuta pa kushika.

"Marahaba. Na huyo mwenzako?"

Lakini Ndyamukama alikuwa ameshafika kwenye migomba ya mbali, na kofia yake ilikuwa bado iko hapo chini ya dirisha.

*

Kantengwa alitoka mbele ya watu akiwa ameegemea fimbo, mwanawe nyuma yake. Mwanamke aliyekuwa katikati ya kilio alibaki na mdomo wazi na kilio ndani yake. Katekista alibana rozari kwa mikono miwili. Wachache walikimbia, kisha wakarudi, maana kuni zao zilikuwa pale. Kantengwa akasema asamehewe, hakufa, na kwamba kosa ni lake, alimpaka mbwa samli. Maelezo hayo hayakumsaidia mtu. Ikabidi Yustus atoke jikoni akiwa amemkumbatia Katibu ndani ya koti lake la serikali, aeleze habari za dawa, kizibo, ndoo na ngozi, kwa Kiswahili cha chuoni. Alipomaliza, mbwa akapiga chafya, likamtoka povu puani.

Mtu mmoja akaanza kucheka nyuma kabisa. Akafuatwa na wengine. Anonciata hakucheka. Alikuwa amepiga magoti mbele ya Eustadia, na kile kipande kilichobaki kilikuwa mikononi mwake.

Eustadia alikichukua. Kilikuwa kimejaa manyoya mekundu. Akaanza kuyachomoa moja moja, bila haraka, na watu waliokuwa karibu naye wakaacha kucheka.

"Nilikupa sabuni ya maiti yangu," alisema.

"Naam, waitu."

"Ungesema ni mbwa."

Anonciata akayatazama manyoya mekundu yaliyodondoka. Wote wawili walijua kwamba kama angesema ni mbwa, asingepewa, na kwamba Eustadia hakupenda kulijua jambo hilo kuhusu nafsi yake mbele ya watu arobaini.

"Siku mama mkwe wako atakapokufa kweli," Eustadia akasema, "usinitume mtu. Sitaamini. Mtamleta mwenyewe mpaka mlangoni kwangu nimwone." Akakifunga kipande kwenye pindo la kitenge chake, akaenda kukaa mbali.

Mzee Kahigi alikuwa amepata nafasi ya kurudisha rangi yake. Kwanza alijisikia ameponea chupuchupu, na furaha hiyo ilimfanya akaribie kutabasamu. Kisha akaona jinsi watu wanavyomtazama yeye na koti lake, na furaha ikageuka. Alisema hajawahi kudhihakiwa namna hii na watu anaowalisha. Sharti lilikuwa kulinda mahindi, na mlinzi ndiye huyo, kabebwa kama mtoto mchanga. Wafunge mizigo. Leo.

Theoneste akainamisha kichwa. Anonciata alikuwa bado chini. Waliobaki na kicheko wakakimeza, maana hakuna aliyetaka kuona watoto wale wanatolewa, wala hakuna aliyekuwa tayari kusema hivyo mbele ya mwenye ardhi.

"Sawa," Kantengwa akasema.

Alilisema upesi mno hata mwanawe akageuka kumtazama.

"Ila mimi na safari hatupatani tena, Kahigi. Nina miaka sabini na zaidi. Na leo nimelala tangu asubuhi nasikiliza watu wakinililia, nikaona si kazi ngumu kama nilivyodhani. Nikiinama tu kufunga mkeka naweza kuanguka. Mwanangu hana gari la kunibeba. Atanizika nitakapoangukia." Akanyoosha fimbo kuelekea pembeni mwa shamba la mahindi. "Pale pana udongo laini."

Mzee Kahigi akatazama alikoonyeshwa, kisha akatazama uani. Watu arobaini. Kuni tayari. Ndizi zimeshamenywa. Katekista yuko na kitabu chake. Majembe mawili na sururu vimeegemezwa kwenye ukuta, na wenyewe wamesimama karibu navyo. Hakuna maziko yaliyowahi kuandaliwa vizuri kiasi kile Mabira. Kilichokuwa kinakosekana ni mtu mmoja tu, naye alikuwa anamtazama bila kupepesa.

Alitoa leso, akajifuta shingo. Akamgeukia Yustus.

"Mbwa anahitaji nini?"

Yustus akasema kivuli, maji, maziwa kidogo, na siku saba au nane za kupumzika. Asikimbizwe. Baada ya hapo dawa iendelee kila wiki mbili, kwa kipimo, na asipakwe kitu chochote. Hilo la mwisho alilisema akimtazama Kantengwa, na Kantengwa akatazama kwingine.

"Na nyani kwa siku hizo nane?" mtu akauliza.

Ndyamukama alikuwa amerudi, anazunguka kimyakimya kuifuata kofia yake. Mzee Kahigi akamwonyesha kwa kidole. "Huyo atalinda. Ana mbio."

"Na msimu ujao?" Kantengwa akauliza.

"Mtakaa," akasema Mzee Kahigi chini ya pumzi.

"Sema kwa nguvu. Hawa wamelia, masikio yao yameziba."

"Mtakaa," akarudia, safari hii mpaka njiani wakasikia. Akafunga vifungo vya koti lake. "Ilimradi wewe uwe mzima."

*

Ndizi zikapikwa, zikaliwa pale pale, kwa kuwa hakuna aliyeona sababu ya kurudi nazo. Katibu alisimama siku ya tisa, akayumba, akajikuna, akaenda shambani kumpumzisha Ndyamukama, ambaye nyani walikuwa wameshaanza kumzoea. Mahindi yalivunwa mwezi wa saba, karibu yote. Eustadia aliendelea kupita mbele ya Anonciata bila kumwona. Anonciata akawa anamjazia mtungi wake kisimani kila asubuhi na kuuweka mlangoni, bila kubisha, na kila asubuhi anaukuta mtupu mahali pale pale.

Mzee Kahigi ndiye aliyebadilisha njia. Zamani alikwenda shambani kwake kwa kupitia juu. Sasa alipita chini, karibu na nyumba, akisimama kila siku kuuliza mama ameamkaje. Alisikiliza jibu kwa makini kuliko alivyosikiliza misa. Mwezi wa nane, wakati wa kupura maharage, vumbi lilimpalia Kantengwa akakohoa mara mbili. Kabla ya adhuhuri mke wa Ndyamukama alileta kibuyu cha maziwa na blanketi, akasema vimetoka kwa mzee, na kwamba mama asikae kwenye upepo.

Kantengwa alikunywa maziwa yote, akajifunika blanketi, akaunyoosha mgongo. Kesho yake aliamka mapema, akiwa na nguvu zake zote, akahamishia kigoda chake karibu na njia, akakaa. Alipoliona lile koti likishuka kati ya migomba, akaanza kusafisha koo.